Nywele zimekaa kama helmeti: jibu kwa aliyeuliza kuhamisha rasta kwenye picha ya sendofu

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nina studio ndogo, natumia Photoshop CS6. Kuna mteja nilimpiga picha za sendofu, uso umetoka vizuri sana ila wigi lilikuwa limesogea na wavu unaonekana kwenye paji la uso. Kanitumia picha yake ya mwezi uliopita akiwa na rasta, anataka nizitoe huko niziweke kwenye ya sendofu. Nimeselekti nywele na Quick Selection, nikapiga Refine Edge kusafisha ukingo, nikapesti. Inaonekana kama kavaa helmeti, na pembeni kuna kamstari keupe. Nimerudia mara nne. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na hizo mara nne, najua inavyouma hasa mteja akiwa anapiga kila baada ya nusu saa kuuliza imeisha au bado.

Nikwambie kitu ambacho mimi nilichelewa sana kukielewa. Miaka kama mitatu nilihangaika na vifaa vya kuselekti, kila siku natafuta njia mpya ya kukata nywele vizuri zaidi, kumbe shida haikuwa kwenye kukata. Nywele haikatwi. Unahamisha kichwa kizima, na paji lake la uso, na shingo, na kipande cha ukuta wa nyuma, alafu unaficha usichokitaka kwa maski (kifuniko cha picha: palipo nyeupe panaonekana, palipo nyeusi panafichika). Wewe ulivyofanya umezikata rasta pale zinapokutana na ngozi, ukazileta zikiwa hazina mzizi, ukazikalisha juu ya paji la mtu. Sasa kitu chenye ukingo mkali kikikaa juu ya kichwa bila kuota kwenye ngozi jicho litakiitaje kama sio kofia? Ndio hiyo helmeti yako.

Angalia rasta kwa karibu, zumu mpaka asilimia 200 hapo mbele. Utaona rasta haianzi ghafla. Kuna ngozi, kuna vile vinywele laini vya mbele ambavyo wadada wanavilaza na jeli, alafu kuna sehemu ngozi inang'aa kidogo pale msusi alipovuta, alafu ndio rasta inaanza nyembamba inanenepa, na katikati ya rasta na rasta kuna njia, ngozi ya kichwa inaonekana. Hivyo vyote ni sehemu ya nywele. Ukiviacha kule kwenye picha ya zamani umeacha nusu ya kazi. Kwahiyo unapozileta rasta beba na ngozi ya paji upana wa kidole kimoja hivi chini ya mstari wa nywele, na mshono wako uwe kwenye ngozi, sio kwenye nywele. Ngozi na ngozi ukizichanganya kwa brashi laini zinakubali. Ngozi na nywele hazikubali, hata ukeshe.

Kwa vitendo iko hivi. Fungua zote mbili, ile ya rasta iburuze yote uilete juu ya ile ya sendofu, inakuwa leya (tabaka) ya juu. Punguza opasiti yake (uzito wa kuonekana) mpaka 50 uone zote mbili kwa pamoja. Bonyeza Ctrl+T, shikilia Shift ili isivutike upande mmoja (kwenye CS6 lazima ushikilie, matoleo ya karibuni yanafanya yenyewe), alafu linganisha kwa macho. Mboni juu ya mboni, kisha zungusha mpaka mstari wa macho ulale sawa, kisha kidevu. Watu wengi wanalinganisha kwa nywele, yaani wanavuta mpaka rasta zifunike wigi, na hapo ndipo kichwa kinapokuwa kikubwa kuliko mwili bila wao kujua. Macho yakikaa sawa ukubwa wa nywele unakuja wenyewe. Ukimaliza rudisha opasiti 100, shikilia Alt ubonyeze kale kaalama ka maski chini ya paneli ya leya, maski itatoka nyeusi na leya yote itapotea. Usiogope. Sasa chukua brashi nyeupe laini kabisa, Hardness sifuri, Flow 20 au 30, anza kuzirudisha rasta kidogo kidogo kuanzia utosini kushuka mbele. Ukizidisha bonyeza X upate nyeusi ufute. Hakuna kinachoharibika, na huo ndio uzuri wa maski, ukikata umekata lakini ukificha unaweza kufichua hata wiki ijayo mteja akirudi na lake.

Rangi ya hicho kipande cha paji haitafanana na ya sendofu, ni kawaida. Weka Curves (leya ya kurekebisha mwanga na rangi) juu ya leya ya rasta, ibane kwa Ctrl+Alt+G isiguse vingine, rekebisha mwanga kwanza kabla ya rangi. Ukitaka kujua kama mwanga umelingana, weka leya ya Black & White juu kabisa ya zote kwa muda, uangalie picha bila rangi. Rangi inadanganya sana jicho, ukiitoa utaona mara moja kwamba paji la juu ni jeusi kuliko la chini. Sawazisha hapo, alafu izime hiyo Black & White uje kwenye rangi yenyewe.

Sasa kamstari keupe. Hako kana sababu yake na ukiielewa hakatakusumbua tena. Unywele mmoja wa kichwani una unene chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua kichwa chenye upana wa sentimita 15, kwenye picha yako kimechukua tuseme pikseli 1000, ina maana pikseli moja imebeba milimita 0.15, unywele ni mwembamba kuliko pikseli yenyewe. Kwahiyo pikseli za pembeni ya nywele sio nywele tupu, ni mchanganyiko, nywele kidogo na ukuta kidogo. Yule dada alipiga ile ya rasta mbele ya ukuta mweupe, wewe ulipohamisha ukazihamisha na pikseli zenye ukuta ndani yake, ukaziweka kwenye pazia la sendofu la rangi ya damu ya mzee. Huo mstari ni ukuta. Sio kosa la Quick Selection, ni ukuta umekufuata.

Dawa yake kwa nywele nyeusi ni rahisi kuliko wanavyoitangaza. Tengeneza leya tupu juu ya rasta, ibane kwa Ctrl+Alt+G, badilisha mtindo wake kutoka Normal uweke Darken, chukua brashi ndogo laini, onja rangi ya rasta zenyewe kwa kushikilia Alt, pita pembeni. Darken inagusa tu kile kilicho cheupe kuliko rangi yako, kwahiyo rasta haziharibiki, ukuta ndio unazama. Ila usitumie nyeusi kabisa. Nywele nyeusi sio nyeusi mdogo wangu, ukizipima utakuta namba za nyekundu, kijani na bluu kama 30, 25, 22, zina ukahawia ndani. Ukipaka sifuri sifuri sifuri unatoboa shimo kwenye picha, na ikienda kuprintiwa ndio balaa, panakuwa kama lami.

Hiyo Refine Edge nayo nakuomba uiache kwa rasta. Kuna mafunzo mengi huko ya wazungu wanaonyesha mtu mwenye nywele ndefu zilizonyooka zinapepea na upepo, wanapitisha brashi ya Refine kila kitu kinatoka safi, na sisi tunaiga. Nywele zetu ni mambo mengine. Rasta ni kamba, ina ukingo unaoeleweka na manyoya kidogo pembeni, hiyo chora kwa Pen Tool au Lasso yenye Feather ya pikseli moja, manyoya utayarudisha mwishoni kwa mkono. Wigi au wiving iliyonyooka, hapo Refine Edge inafaa, Radius pikseli 2 au 3 na Smart Radius ukiiwasha. Afro na kipilipili ndio ngumu kuliko zote, pembeni zinapitisha mwanga, kila kiduara cha unywele kina tundu linaloonyesha ukuta, na ukipitisha Refine hapo inageuza kila kitu kuwa pamba. Zile ni za chaneli, yaani zile picha tatu za nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha yako. (Kuanzia toleo la 2015.5 Refine Edge imewekwa ndani ya Select and Mask, mambo ni yaleyale.)

Chaneli sio uchawi. Nenda kwenye paneli ya Channels, angalia moja moja, nyekundu, kijani, bluu, tafuta ambayo nywele ziko nyeusi zaidi na ukuta mweupe zaidi. Vitabu vingi vinasema chukua bluu, mimi kwa picha za simu nakataa. Picha nyingi za JPEG za simu zinahifadhi mwanga kamili lakini rangi zinapunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, na bluu ndio inachafuka kuliko zote, ukizumu utaona vigae vigae. Kijani kwa kawaida ndio safi. Ikopi hiyo chaneli, usifanyie kazi juu ya ile halisi, bonyeza Ctrl+I kuigeuza nywele ziwe nyeupe, Ctrl+L uvute Levels mpaka ukuta uwe mweusi ila usivute mpaka vile viduara vya pembeni vikafa. Alafu chukua brashi, kule juu badilisha Mode iwe Overlay, paka nyeupe ndani ya nywele na nyeusi nje. Brashi ya Overlay ina adabu, nyeupe yake haigusi nyeusi iliyokolea na nyeusi yake haigusi nyeupe, inasukuma vya katikati tu. Ukimaliza shikilia Ctrl ubonyeze hiyo chaneli, seleksheni imepatikana, rudi kwenye leya weka maski.

Na kuna njia ya mkato ambayo ingenifaa sana enzi zile kama mtu angeniambia. Kama nywele nyeusi zilipigwa kwenye ukuta mweupe, na unakozipeleka nyuma kuna mwanga wa kutosha, kopi leya ya pili ya nywele uiweke Multiply. Nyeupe kwenye Multiply inapotea yenyewe, nyeusi inabaki, vinywele vyote vya pembeni vinakuja bila kuselekti hata kimoja. Unaweka hiyo kwa pembeni tu, katikati unaachia leya ya kawaida. Pazia lako la damu ya mzee liko katikati, sio jeusi sana, inaweza kukubali. Jaribu, ukiona ukuta unaacha kiwingu, vuta Levels za hiyo kopi mpaka ukuta uwe mweupe kweli.

Kabla ya yote hayo lakini kuna kazi umeiruka, nimeiona kwenye picha uliyonitumia. Wigi la zamani bado liko. Umeweka rasta juu yake, na kule mabegani ncha za wigi zinachungulia chini ya rasta kama pazia la pili. Lile lazima litoke kwanza. Kopi leya ya sendofu, chukua Clone Stamp (inakopi kipande cha picha na kukipaka pengine), jenga upya pazia lilipokuwa nyuma ya wigi, jenga na bega la gauni. Kwenye pazia unaweza kuanza na Content-Aware (Shift+F5), Photoshop inajaza yenyewe, ikikubali vizuri, ikileta mapande ya wigi tena ghairi urudi kwa mkono. Bahati yako rasta ni ndefu zinashuka mbele kwahiyo pakubwa patafunikwa, hauna haja ya kujenga shingo yote. Ingekuwa kinyume chake, anatoka kwenye wigi kubwa anataka nywele fupi za kunyoa, ningekwambia mtoze mara tatu au umkatalie, maana hapo unachora shingo, masikio na mabega ambayo kamera haikuyaona kabisa.

Mwanga sasa, na hapa ndipo nina wasiwasi na hiyo picha ya rasta. Angalia mboni za macho kwenye zote mbili. Ile nukta nyeupe ya taa kwenye sendofu iko kushoto juu, taa yako ilikuwa kushoto. Kwenye ile ya rasta nukta iko juu kabisa na chini ya pua kuna kivuli kifupi kimeshuka wima, hiyo ni jua la saa sita au saa saba. Maana yake rasta zinang'aa utosini na pembeni kote ni giza sawasawa, na uso wako unang'aa kushoto. Utahamisha vizuri, utamaliza kila kitu, na bado mtu ataangalia aseme "mmh, sijui kuna nini hapa" bila kujua ni nini. Kwahiyo kabla hujaendelea mpigie, muulize kama ana nyingine za siku hiyohiyo. Watu wana picha kumi za kila pozi, wanakutumia ile wanayojipenda. Wewe unataka ile aliyokaa karibu na dirisha au kibarazani, uso umeelekea kamera kama ulivyoelekea kwenye sendofu, hata kama amefumba macho, macho yake hayakuhusu. Na umwambie akutumie kwa WhatsApp kama dokumenti, sio kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na vile vinywele vya mbele vinageuka uji.

Akisema hana nyingine, basi fanya kazi na hiyo, chora mwanga. Leya mbili za Curves zilizobanwa kwenye rasta, moja inang'arisha moja inatia giza, maski zote nyeusi, upake nyeupe laini upande wa kushoto kwenye ile ya kung'arisha na kulia kwenye ile ya giza. Usijaribu kuipindua picha ya rasta kulia kushoto ili mwanga ulingane bila kufikiri. Mimi niliwahi kufanya hivyo, picha ya mdada mmoja, nikafurahi kweli mwanga umekaa, nikaprinti kubwa, fremu, kila kitu. Mama yake alipokuja kuchukua akaiangalia kama sekunde tano akasema, "Mwanangu hapasui njia upande huo." Basi. Hakuuliza nilifanyaje, hakujua Photoshop ni nini, ila njia ya nywele ya mtoto wake anaijua. Nikarudia bure.

Vivuli vidogo usivisahau, ndivyo vinavyozikalisha rasta kichwani. Chini ya rasta, juu ya paji, kwenye masikio, shingoni na mabegani pale zinapolala, tengeneza leya ya Multiply katikati ya uso na rasta, onja rangi ya ngozi yenyewe pale ilipo na kivuli, paka kwa brashi laini opasiti 15 mpaka 25. Rangi ya ngozi, sio nyeusi. Kivuli cheusi kwenye ngozi yetu kinatoka majivu.

Alafu linganisha ukali. Kamera yako imetoa uso laini wenye chembechembe, simu imetoa rasta zilizonolewa mpaka zinakwaruza. Gaussian Blur ya 0.3 au 0.4 kwenye rasta, alafu Add Noise asilimia 1 au 2, zumu 100 ulinganishe na shavu. Hapo mwishoni ndio urudishe manyoya, leya mpya, brashi ya pikseli 1 au 2, uchore vinywele kumi na tano hivi vinavyotoka nje ya rasta vikakatiza ukingo, vingine vifupi vingine virefu, hakuna viwili vinavyoelekea sawa. Kama una kalamu ya tableti ni dakika tano, kwa mausi ni nusu saa na matusi kidogo.

Kuhusu hizi za kuandika maneno tu na kompyuta inatengeneza nywele yenyewe, ambazo Photoshop imeziweka tangu 2023, CS6 yako haina na kwa kazi hii haupungukiwi. Itakuletea rasta nzuri sana ambazo sio zake. Huyu dada alisukwa na msusi fulani, saizi fulani, anazijua. Kama unataka programu ya bure ya kufanyia hayo niliyokwambia kwenye mashine nyingine, Photopea inafunguka kwenye brauza na menyu zake zinafanana sana na hizo ulizozoea, GIMP nayo ina maski na chaneli zote. Na mtu akija na picha ya paspoti au ya kitambulisho anataka umbadilishie nywele, mwambie akae kwenye kiti umpige upya.

Mwisho kabisa, angalia masikio. Ukirudisha rasta kwa brashi nyeupe ni rahisi sana kurudisha na ncha ya sikio la picha ya zamani, na kwenye ile picha kavaa heleni za duara, kwenye sendofu kavaa za kudondoka. Toleo lako la nne, sikio la kulia, zumu uone. Kavaa zote mbili.